Chanjo ya UVIKO-19 kwenye makazi ya wazee: mwongozo kamili wa kuhakikisha hakuna mzee anayebaki nyuma

Mwongozo huu ni wa afisa mfawidhi wa makazi ya wazee, muuguzi wa zamu, afisa ustawi wa jamii, na yeyote anayelea wazee kadhaa chini ya paa moja hapa Dar es Salaam, iwe ni makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, nyumba inayoendeshwa na taasisi ya dini, au familia yenye bibi watatu nyumba moja.

Tatizo kubwa kwenye kazi hii ni tarehe, kuliko sindano. Mzee alichanjwa, lakini hakuna anayejua lini, alipewa aina gani, na zamu yake nyingine inaangukia mwezi upi. Siku ya chanjo ikija yeye yuko Amana amelazwa, au ana homa, au mwanawe amemchukua kwenda msibani. Timu inaondoka na jina lake halirudiwi tena. Mwaka unapita. Ndiyo maana sehemu ndefu zaidi humu zinahusu daftari na waliokosa.

Kwa nini dozi za mwaka ule hazitoshi

Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Wazee walikuwa kwenye kundi la kwanza. Wengi walipata Janssen, sindano moja, wakaambiwa wamemaliza. Kwa wakati ule ilikuwa sahihi. Lakini kinga inayozuia ugonjwa mkali hupungua miezi inavyokwenda, na kwa mwili wa miaka 80 hupungua haraka kuliko kwa kijana, huku kirusi chenyewe kikiendelea kubadilika. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Dharura iliisha, ila kirusi kipo, na kikiingia kwenye bweni la wazee bado kinaua.

Tangu mwishoni mwa 2023 ushauri wa WHO umekuwa mwepesi kufuata. Wazee wa umri mkubwa kabisa (nchi hupanga yenyewe, mara nyingi 75 au 80 na kuendelea), wazee wenye magonjwa sugu kadhaa kwa pamoja, na wenye kinga dhaifu sana warudiwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Wazee wengine na watumishi wa afya warudiwe kila baada ya miezi 12 hivi. Australia inapendekeza kila miezi 6 kwa waliofika miaka 75, na Uingereza wanaoishi kwenye nyumba za wazee wamekuwa wakipewa mara mbili kwa mwaka. Kwetu kinachotawala ni mwongozo wa Wizara ya Afya ulio mezani kwa mratibu wa chanjo wa manispaa yako, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kwake.

Hatua ya 1: Mratibu wa chanjo kabla ya kitu chochote

Usianze kwa kuwatangazia wazee. Anza kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, naye atakuunganisha na mratibu wa chanjo wa manispaa: Kigamboni, Temeke, Kinondoni au Ubungo, au wa Jiji la Dar es Salaam kama mko Ilala. Namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199, nayo husaidia ukikwama. Nenda na maswali manne, na majibu yaandikwe:

Ni chanjo gani iliyopo ghalani sasa, na inaisha muda wake tarehe gani? Kichupa kimoja kina dozi ngapi? Mwongozo unaotumika sasa unasema muda gani upite kati ya dozi na dozi kwa wazee? Timu inaweza kuja makazini, au sisi ndio tupeleke wazee kituoni?

Swali la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloharibu mipango. Tuseme una wazee 26 na wahudumu 11, jumla 37. Kichupa kina dozi 6. Vichupa sita ni watu 36. Mtu wa 37 atalazimu kichupa cha saba kifunguliwe, na dozi tano zitamwagwa. Muuguzi makini atasita kukifungua, na mara nyingi huyo wa 37 ni mzee aliye kitandani chumba cha mwisho, kwa sababu ndiye aliyefikiwa mwisho. Suluhisho ni kumwomba mtendaji wa mtaa au mhudumu wa afya ngazi ya jamii akupe majina ya wazee watano wa jirani wanaotaka chanjo, waje siku hiyo hiyo. Watu 42, vichupa saba, hakuna kinachomwagwa na hakuna anayeachwa.

Hatua ya 2: Daftari

Daftari moja kubwa la kurasa ngumu linashinda karatasi ishirini kwenye faili. Ukiwa na kompyuta ni vizuri zaidi, lakini umeme hukatika, na muuguzi wa zamu ya usiku hana neno la siri. Kila mzee apewe mstari wenye haya:

- jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na jina analoitwa hapa makazini
- mwaka wa kuzaliwa, au makadirio yenye alama ya "k"
- namba ya NIDA kama anayo, na namba ya simu iliyotumika kumsajili alipochanjwa
- kila dozi: tarehe, aina ya chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, kituo
- magonjwa sugu, dawa za kuyeyusha damu, mzio
- nani anatoa ridhaa
- tarehe ya dozi inayofuata, kwa wino mwekundu

Jina la pili halipo kwa mapambo. Bibi aliyesajiliwa kwa jina la ubatizo au la ukoo mwaka 2021 anaweza kuwa anaitwa "Bi Mkubwa" au "Mama Zuhura" na kila mtu hapa ndani. Ukimtafuta kwenye mfumo kwa jina la makazini humpati, unaandika "hajachanjwa", na anaanza upya.

Namba ya simu ina shida yake. Kwenye kampeni za mwanzo, wazee wengi wasio na simu walisajiliwa kwa namba ya mjukuu au ya mhudumu. Cheti kiliungwa na namba hiyo. Muulize ndugu: "Siku ile mlitoa namba ya nani?" Swali hilo moja hufufua kumbukumbu nyingi zilizodhaniwa zimepotea.

Mzee asiye na kadi wala cheti, tafuta ushahidi kwa ngazi: kwanza ndugu, pili rejista ya kituo alikochanjwa, tatu kumbukumbu yake mwenyewe ikiunganishwa na tukio ("ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada?"). Ukikosa vyote, mhesabu kama hajachanjwa. Kupata dozi moja zaidi ya uliyodhani anahitaji hakumletei mzee madhara ya ziada. Kubaki bila kinga ndiko kwenye hatari.

Angalia pia aina aliyopata. Waliopewa Sinopharm dozi mbili wakiwa na miaka 60 na zaidi walihesabiwa na WHO kuwa wanahitaji ya tatu ili wakamilishe dozi za msingi, kwa kuwa mwili wa mzee huitikia chanjo ya aina hiyo kwa unyonge. Wengi hawakuambiwa. Kuchanganya aina si kosa: aliyepata Janssen au Sinopharm anaweza kurudiwa kwa Pfizer.

Halafu panga mwaka. Badala ya kila mzee kuwa na mwezi wake, chagua miezi miwili ya makazi yote. Kwa Dar es Salaam, Januari na Julai zinafaa: mvua za vuli zimeisha, na masika ya Machi hadi Mei hayajaanza au yamepita, hivyo njia za Mbagala, Kigamboni na Chanika zinapitika. Anayestahili mara mbili kwa mwaka achanjwe miezi yote miwili, anayestahili mara moja achague mmoja. Kisha tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wageni wakiwa wamejaa uani na ndugu wamekuja, pitia daftari mstari kwa mstari. Siku hiyo utampata mtoto wa mzee ambaye simu yake haijapokelewa tangu Pasaka.

Hatua ya 3: Ridhaa, na mazungumzo yanayoitangulia

Chanjo hii ni hiari. Mzee mwenye akili zake timamu ndiye anayeamua, hata kama mwanawe ni daktari na yeye hajui kusoma. Asaini, au aweke dole gumba mbele ya shahidi. Mwanawe hawezi kumkatalia wala kumkubalia.

Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, usikimbilie kusema hawezi. Mweleze asubuhi akiwa ametulia, kwa sentensi fupi, kisha muulize akurudishie kwa maneno yake: hii sindano ni ya nini? Anayejibu "ni ya ile korona, nisiumwe sana" ameelewa vya kutosha. Asiyeweza kabisa, ridhaa itoke kwa ndugu wa karibu anayemjua, na kama hana ndugu, afisa ustawi wa jamii na mganga waamue pamoja kwa maandishi. Ridhaa ya ndugu itafutwe wiki tatu kabla. Ukipiga simu jana yake, nusu hawapokei, na wanaopokea wanasema "ngoja nimuulize kaka mkubwa".

Hata huyo ambaye ridhaa yake imetolewa na ndugu, akivuta mkono na kulia siku yenyewe, mwache. Mrudie kesho yake na mhudumu anayempenda. Kumshika mzee kwa nguvu ni kumvunjia heshima, na ni njia ya haraka ya kuwafanya wengine kumi wakatae.

Maneno yatakayosikika ni yale yale. "Nimeshaishi, mniache nife kwa wakati wangu." Huyu usimpe takwimu. Kaa chini, msalimie kwa utulivu, "Shikamoo babu", umuulize anachoogopa. Mara nyingi anaogopa maumivu, au anaogopa kuwa mzigo akiugua baada ya sindano. Mwambie ukweli: mkono utauma siku mbili, huenda ukapata homa ya usiku mmoja, na tutakuwa hapa. Mwingine atasema anapiga nyungu na kunywa tangawizi na ndimu. Tangawizi anywe, haina ubaya. Nyungu kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka imewaunguza watu kwa maji ya moto, na haizuii kirusi kisiingie mwilini. Anayeuliza kama atapata UVIKO kutokana na chanjo, mjibu bila kuzunguka: chanjo hizi hazina kirusi chenye uwezo wa kusababisha ugonjwa huo.

Mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wengi wamesema sindano ya msuli isiyo ya lishe haibatilishi funga. Mzee akibaki na shaka, mchanje baada ya futari au subiri Shawwal. Funga yake ni ya kuheshimiwa kama afya yake.

Hatua ya 4: Siku tatu kabla

Pima joto, mapigo na shinikizo la damu la kila mzee, na sukari kwa wenye kisukari. Homa ya 38.5 na zaidi, au ugonjwa mkali ulioanza ghafla: ahirisha. Mafua mepesi, kikohozi cha siku zote, kidonda cha zamani, presha inayodhibitiwa: endelea. Presha iliyopanda kidogo kwa ajili ya woga haimzuii mtu kuchanjwa. Wapo wanaoachwa kwa sababu hii bila haja.

Aliyetoka kuugua UVIKO anaweza kuchanjwa akishapona. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, miezi mitatu baada ya kupona ni muda mzuri.

Anayekatazwa kweli ni yule aliyepata mzio mkali ndani ya muda mfupi baada ya dozi ya chanjo hiyo hiyo, au ana mzio mkali unaojulikana kwa kiambato chake. Mzio wa dagaa, karanga au vumbi haumzuii. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda achanjwe, kwa sindano nyembamba, na pamba ibanwe kwa dakika tano bila kusugua.

Jana yake, waambie wavae nguo yenye mkono mpana. Linaonekana dogo. Bibi aliyevaa gauni la kitenge lenye mkono wa kubana hawezi kuupandisha mpaka begani. Unasukumwa nusu, mchanjaji anachoma palipoonekana, chini mno. Au gauni linavuliwa mbele ya watu. Tenga kona yenye pazia, na kwa akina bibi wanaotaka hivyo, awepo mchanjaji wa kike.

Hatua ya 5: Chanjo kufika ikiwa hai

Joto la Dar es Salaam mwezi Januari huvuka nyuzi 30 kabla ya saa sita mchana. Chanjo inayotembea inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kibeba chanjo kiwekwe vipande vya barafu (vile vya plastiki vyenye maji ndani) vilivyoanza kuyeyuka: viache nje ya friza dakika 30 hadi 45, mpaka ukikitikisa kipande kimoja karibu na sikio unasikia maji yakicheza ndani. Kipande kikavu kigumu kinagandisha kichupa, na kichupa kilichoganda tena ni cha kutupa. Kipimajoto kikae katikati ya vichupa.

Kibeba kisikae kwenye buti la gari. Kikae miguuni mwa muuguzi, upande usiopigwa na jua. Kama mnavuka kwenda Kigamboni, ulizieni hali ya kivuko asubuhi ile. Foleni ikiwa ndefu Magogoni, Daraja la Nyerere lina uhakika zaidi ingawa ni mzunguko.

Friji la jikoni la makazi lisitumike kuhifadhi chanjo, hata kwa usiku mmoja. Mlango wake unafunguliwa mara arobaini kwa siku, karibu na friza kunagandisha, na umeme ukikatika saa nane usiku hakuna atakayejua.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Anzeni saa mbili na nusu asubuhi, wazee wakiwa wamekunywa chai na dawa zao, mmalize kabla ya saa tano. Kadirieni wazee kumi kwa saa kwa mchanjaji mmoja mwenye karani. Anzeni na walio vitandani. Wanaotembea watasubiri kwa mazungumzo, lakini aliye kitandani akiachwa mwisho anafikiwa wakati timu imechoka na saa ya kichupa inahesabu.

Soma lebo ya kichupa kwa sauti, watu wawili, kabla ya kuvuta. Pfizer ya watu wazima ilikuja kwa sura mbili. Yenye kofia ya zambarau huchanganywa na mililita 1.8 za maji ya chumvi ya sindano, na hutumika ndani ya saa 6 baada ya kuchanganywa. Yenye kofia ya kijivu haichanganywi na kitu, na hutumika ndani ya saa 12 baada ya kutobolewa. Zote mbili dozi ni mililita 0.3, na kichupa ni dozi sita. Janssen ni mililita 0.5, dozi tano kwa kichupa, ndani ya saa 6. Aliyezoea moja akishika nyingine bila kusoma, mzee mmoja anapata maji na mwingine anapata kupita kiasi. Andika saa ya kufungua kwenye kichupa chenyewe. Pfizer haitikiswi: kipindue taratibu mara kumi.

Sasa mkono. Hapa ndipo wazee hawafanani na vijana. Bega la mzee wa miaka 84 lina ngozi iliyolegea juu ya mfupa, na msuli umebaki mwembamba kama kiganja. Mketishe, mkono wake ukiwa umelegea mapajani, bega lote likiwa wazi. Papasa ncha ya mfupa wa bega kwa kidole. Shuka upana wa vidole viwili hadi vitatu chini yake: hapo, katikati ya upande wa nje. Ukichoma juu zaidi, unaingia karibu na kiungo, na mzee atalalamika miezi mitatu kwamba hawezi kuinua mkono kuchana nywele. Kusanya nyama ya hapo kati ya kidole gumba na cha shahada, uinue, kisha ingiza sindano ya milimita 25 wima, nyuzi 90. Bila kuikusanya, kwa mzee aliyekonda sana, unaweza kugonga mfupa. Kama bega halina nyama kabisa, tumia paja, upande wa nje, katikati kati ya nyonga na goti.

Mkono uliopooza kwa kiharusi, wenye mshipa wa kusafishia figo, au wa upande wa titi lililoondolewa: tumia mwingine. Chanjo ya mafua ikipatikana siku hiyo inaweza kuchomwa kwenye mkono wa pili.

Sindano isirudishiwe kifuniko. Iingie moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama, na kisanduku kikifika robo tatu kifungwe.

Kila mzee aketi dakika 15 mbele ya macho ya mtu mwenye kazi hiyo pekee. Dakika 30 kwa aliyewahi kupata mzio mkali wa kitu chochote. Mezani kuwe na ampuli tatu za adrenalini ya 1 kwa 1000, mabomba yake, kipima presha na kipima oksijeni. Dalili ni kupumua kwa mkoromo, midomo au ulimi kuvimba, vipele vinavyotambaa haraka, kuzimia na presha kushuka. Mpe mililita 0.5 kwenye msuli wa paja upande wa nje, papo hapo, hata juu ya nguo nyepesi. Mlaze, miguu juu. Kama anashindwa kupumua akae ameegemea, lakini asisimame. Asipopata nafuu rudia baada ya dakika 5. Haidrokotisoni na dawa za mzio haziwezi kushika nafasi ya adrenalini, na kusubiri daktari ndiko kunakoua. Gari liwe uani, dereva yupo, mafuta yamo.

Kuzimia kwa woga kunatofautiana: uso unapauka, jasho baridi, mapigo yanakwenda polepole, na akilazwa anarudi ndani ya dakika chache.

Siku tatu baada ya chanjo

Mkono kuuma, uchovu, baridi, homa ndogo ni kawaida na huisha ndani ya siku mbili tatu. Kwa mzee hatari ya homa ni kuanguka anapoamka usiku kwenda chooni. Zamu ya usiku wa kwanza iongezwe mtu mmoja, taa ya korido iachwe, na maji yawe karibu na kitanda.

Parasetamoli itolewe akiumwa, si kwa kumkinga kabla. Mzee mwenye uzito chini ya kilo 50 apewe kidonge kimoja cha miligramu 500, mwenye uzito zaidi viwili, kila baada ya saa 6 ikihitajika. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ndugu hupenda kuleta kutoka duka la dawa, zizuieni mlangoni: kwa mzee mwenye presha au figo dhaifu zinaumiza.

Kumbuka tofauti hii. Kikohozi kipya, kukosa harufu, koo kuwasha au pumzi kukatika si maudhi ya chanjo. Mpime UVIKO na malaria siku hiyo hiyo, na mtenganishe na wenzake mpaka majibu yatoke. Wapo waliosubirishwa siku nne wakiambiwa "ni chanjo hiyo", kumbe walikuwa wameshaambukizwa kabla.

Tukio lolote kubwa lijazwe kwenye fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kupitia kituo cha afya, hata kama mnadhani halihusiani. Kazi yenu ni kuripoti, uchunguzi watafanya wao.

Waliokosa

Jioni ya siku ya chanjo, kabla timu haijaagana, chukua karatasi mpya na uandike kila ambaye mstari wake haukujazwa. Usiandike "hakuwepo". Andika sababu na tarehe ya kurudiwa.

Aliyekuwa na homa: arudiwe akishapona, ndani ya wiki mbili. Aliyelazwa Temeke, Amana au Mwananyamala: barua fupi iende wodini, iwaombe wamchanje kabla ya kumruhusu, kama chanjo ipo hapo, na kadi iambatane na karatasi ya kuruhusiwa. Aliyechukuliwa na familia: mpigieni ndugu na mtaje kituo kilicho karibu nao. Aliyekataa: mtu mmoja, anayemwamini, amuulize tena baada ya mwezi, na si kila siku. Ambaye ridhaa ya ndugu haikupatikana: tarehe ya mwisho ya kusubiri iwekwe, kisha afisa ustawi wa jamii aingie.

Wakibaki wawili watatu, usisubiri wafike sita ili kichupa kijae, maana miezi itapita. Uliza kituo cha afya siku yao ya kufungua kichupa, uwapeleke kwa bajaji asubuhi hiyo. Karatasi hii ibandikwe ndani ya mlango wa ofisi na isiondolewe mpaka jina la mwisho lifutwe.

Mzee mpya akipokelewa, kadi ya chanjo iulizwe siku ile ile ya mapokezi pamoja na dawa zake, na tarehe yake nyekundu iandikwe kabla hajapewa kitanda. Wahudumu nao, pamoja na mpishi, mlinzi na dereva, wawe na mistari yao kwenye daftari hilo hilo, kwa sababu kirusi hakizaliwi ndani ya bweni, kinakuja na daladala ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mzee akihamia makazi mengine au akirudi kwa wanawe, nakili mstari wake wote kwenye karatasi, igonge muhuri, umpe anayemchukua mkononi, na umwonyeshe kwa kidole tarehe ya dozi inayofuata.